Hati ya msitu ni bure, ila njia ya kuipata inakula pesa

Huku Kasongo na Kabambare, wakulima wengi wanategemea mvua tu. Msitu ukikatwa kandokando ya mto Luama na vijito vyake, maji yanachukua udongo, mashamba ya chini yanajaa mchanga.

Wenyeji wanaweza kuulinda wao wenyewe. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wao wa mila, mpaka hektari 50.000. Gavana wa jimbo anatia sahihi. Hati ni ya milele, na hailipiwi.

Lakini kabla ya sahihi kuna kazi: kuchora ramani, kukubaliana mipaka na majirani, kuandika majina ya ukoo. Baadaye, kuhesabu miti na kutunga mpango wa matumizi. Nani analipa pikipiki na chakula cha wazee siku za mikutano? Kijiji hakina. Mara nyingi shirika ndilo linalipa, na mradi ukiisha, makaratasi yanalala.

Pesa kubwa ziko. Novemba 2021, kule Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 za misitu kwa miaka mitano. Zinaanzia Kinshasa, na Kabambare ni mbali.

Kule Gazi, Kenya, ni tofauti: tangu 2013 wanakijiji wanalinda hektari 117 za mikoko, kaboni inauzwa, na wao wenyewe wanaamua pesa ifanye nini. Wamenunua maji na vitabu vya shule.

Hapa kwetu, mipaka inaweza kuanza kuzungumzwa leo, bila mfadhili.