Goti la Mbuzi Ambalo Si Goti

Leo tuanze na mbuzi. Lile tunaloliita goti la mguu wake wa mbele si goti, ni kifundo cha mkono! Mfupa mrefu ulio chini yake ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana. Ngamia ni vivyo hivyo. Punda milia wa Buffalo Springs naye husimama kwa kidole kimoja tu kila mguu.

Mkono wako, msikilizaji, una mifupa 27: 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Wa mnyama ni wa kubeba uzito, wako ni wa kushika. Basi ukianguka kutoka kwa bodaboda ukajikinga kwa kiganja, uzito wote huangukia kifundo, na mfupa mmoja mdogo chini ya kidole gumba waweza kuvunjika. Mkono haupindi, uvimbe ni kidogo, na mtu husema ameteguka tu. Hapo ndipo hatari ilipo. Mfupa huo hupata damu hasa kutoka upande mmoja, hivyo kipande kilichokatika chaweza kufa, na maumivu yakabaki miaka mingi.

Ukibonyeza chini ya gumba ukaumia, nenda hospitali upigwe picha. Isipoonyesha kitu, rudi baada ya siku 10 hadi 14, kwani ufa huo huchelewa kuonekana.

Na ukiwa umefungwa vijiti na fundi wa mifupa, vidole vikifa ganzi, vikawa baridi au vikabadilika rangi, legeza kamba mara moja uende hospitali. Usingoje asubuhi.