Jiundie amplifaya ya gitaa, uache kubahatisha kwa mafundi

Mwaka jana amplifaya yangu ya mtumba ilizima katikati ya mazoezi. Hakukuwa na moshi wala mlipuko. Ilinyamaza tu, nikabaki nikikwaruza nyuzi kama mtu anayejikuna.

Nikaipeleka kwa fundi mtaani, nikalipa Sh1,500. Ilirudi ikapiga siku mbili, kisha kimya. Niliporudi kwake akaniambia "kuna kitu kimeungua tena huko ndani." Kitu gani? Hakusema. Nami sikuwa na swali la kumuuliza, kwa sababu sikujua chochote kilichomo kwenye lile boksi.

Hapo ndipo nikaamua kwamba kabla ya kutoa doo nyingine, nitaunda moja kwa mikono yangu. Sina cheti cha umeme. Kusema kweli, sina cheti cha chuo chochote. Lakini hii kazi haiulizi cheti.

Kwanza elewa shida yenyewe. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme kidogo sana huzaliwa kwenye waya huo, sehemu ndogo tu ya volti moja. Umeme huo hauna nguvu za kusukuma spika. Kazi ya amplifaya ni kuuchukua na kuukuza.

Kwa anayeanza, chipu ya kutafuta inaitwa LM386. Ina miguu minane, inatumia betri ya volti 9, na imekuwa ikifundishia watu kwa miaka mingi. Maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi huuza vipuri vyake kimoja kimoja, na ukibahatika utapata seti nzima pamoja na ubao wake. Unahitaji chipu, kapasita chache, rizista, kitufe cha volyumu, jeki ya gitaa na spika ya omu 8. Ongeza soketi ya miguu minane. Usiidharau hiyo soketi, nitakuambia kwa nini.

Spika usinunue mpya. Mimi niling'oa ya redio kaseti iliyokuwa imekufa nyumbani. Spika kubwa kiasi hutoa sauti nene na ya juu kuliko kile kispika kidogo kinachouzwa na seti, hata kama chipu ni ile ile.

Jioni ya kwanza nilichomelea kila kitu, nikaunganisha betri, nikapiga kodi ya G. Kimya. Nikagusa chipu kwa kidole, nusura nipige nduru. Ilikuwa moto kama sufuria.

Kosa lilikuwa la kijinga. Chipu ina alama ya pengo upande mmoja, inayokuonyesha mguu wa kwanza uko wapi. Mimi niliiweka kinyume. Ingekuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, ningeharibu kazi yote nikiing'oa. Kwa sababu ya soketi, niliichomoa, nikanunua nyingine kwa pesa ya nauli, nikaipachika. Kapasita zenye mguu wa chanya na wa hasi pia hazipendi kugeuzwa. Angalia mara mbili kabla ya kuweka betri.

Mara ya pili niligusa ncha ya waya wa gitaa kwa kidole. Spika ikanguruma. Msee, huo mngurumo ulikuwa mtamu kuliko wimbo! Maana yake njia yote ni nzima, kuanzia jeki mpaka spika. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kupima amplifaya ya betri: gusa, sikiliza, na pale sauti inapopotea ndipo penye tatizo.

Sasa ladha. Chipu hii ikiachwa ilivyo hukuza sauti mara 20. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, inafika mara 200, na sauti inaanza kukwaruza kama roki. Kama unapenda benga, ile gitaa safi inayokimbia kama ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, usiiweke. Na ukiona gitaa lako linasikika butu, tafuta mchoro unaoitwa Ruby. Unaongeza transista moja mbele ya chipu ili isilemee gitaa, na ung'avu unarudi.

Usijidanganye, lakini. Hii haifiki hata wati moja. Inatosha chumbani, haitoshi kanisani penye ngoma.

Wengine wakishaonja hutaka kuruka moja kwa moja hadi seti za valvu, kama zile za Fender Champ ya zamani. Tulia, buda. Ndani ya hizo kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zake zinaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa plagi. Halafu seti nyingi hutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120. Hapa kwetu ni 240. Hakikisha transfoma imetengenezewa umeme wetu, na kaa na mtu anayejua.

Kama unaona aibu kufuata mchoro wa mwingine, jua kwamba Leo Fender alianza kama fundi wa redio California. Na amplifaya ya kwanza ya Marshall, London mwaka 1962, ilitokana na kunakili Fender Bassman kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza.

Na ile ya mtumba? Niliichomoa kwenye umeme, nikaiacha siku nzima, kisha nikaifungua. Hakukuwa na kitu kilichoungua. Solda ya jeki ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Ukitikisa waya inapiga, ukiacha inazima. Nikayeyusha solda mpya, kazi ya dakika tano.

Labda fundi hakuuona ule ufa, labda aliuona. Siku nyingine nikienda kwake, nitakuwa na maswali.