Je, Wajua? Treni ya Kifahari Inayovuka Bara Huja Kulala Temeke

Sogea hapa kwenye benchi, jirani. Leo tunapanga safari ya kuvuka bara kwa treni, na hatuendi mbali kuitafuta. Tunaanzia hapa hapa Chamazi.

Treni yenyewe

Je, wajua kwamba mojawapo ya treni za kifahari zaidi duniani hutoka Cape Town, huvuka nchi tano, kisha huja kumaliza safari kwenye Stesheni ya TAZARA? Siyo Masaki, siyo Oysterbay. Ni pale Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, upande wa Temeke!

Je, wajua treni hiyo inaitwa Pride of Africa, mali ya kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, na safari nzima ni siku 15? Hapo unazungumzia kilomita zinazokaribia 6,000. Na wewe ukikwama saa mbili kwenye foleni ya Mbagala unalalamika!

Je, wajua inabeba abiria wasiozidi 72? Treni nzima! Mabasi mawili ya mkoani yangewachukua wote na viti vikabaki.

Je, wajua chumba chake kikubwa kuliko vyote kina mita za mraba 16 na kinajaza nusu ya behewa? Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, hiki tunachokijua sisi, ni mita za mraba 9 na kidogo tu. Na kile cha kwenye treni kina beseni la kuogea la kizamani la kujilaza, huku nyika ikipita dirishani.

Bei? Shika benchi kwanza. Chumba cha chini kabisa, kutoka Cape Town hadi Dar, ni zaidi ya dola 12,000 kwa kila mtu, nanyi mkiwa wawili ndani. Kwa fedha zetu ni shilingi milioni 30 na ushee, ila chakula na vinywaji vyote vimo humo humo.

Je, wajua kwa fedha zote hizo hupati televisheni wala redio? Simu nayo unaitumia chumbani kwako tu, huruhusiwi kupiga soga nayo mbele za watu. Wenye mali wanalipa mamilioni ili wapate kimya, jirani!

Na usije ukatokea mezani na kandambili. Chakula cha jioni ni koti na tai kwa wanaume, na wanawake nao hujipamba kama wanaokwenda harusini. Hata treni ikiwa imesimama porini katikati ya Zambia, tai iko shingoni.

Je, wajua mwendo wake wa juu ni kilomita 60 kwa saa? Treni yetu ya umeme ya SGR inakimbia hadi 160, na ilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Yaani anayelipa kidogo anawahi, anayelipa mamilioni anachelewa, na anachelewa kwa raha zake.

Je, wajua yote yalianza na baba mmoja aliyetaka kutembea na familia yake tu? Rohan Vos alinunua mabehewa chakavu ayafufue familia yake iyatumie, lakini shirika la reli likamtaka ayafanye yawe biashara. Safari ya kwanza, Aprili 1989, abiria waliolipa walikuwa wanne!

Miaka minne tu baadaye, mwaka 1993, treni hiyo ikaingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Kutoka abiria wanne hadi kuvuka nusu ya bara. Bado unasema biashara yako ni ndogo?

Je, wajua Julai 2019 iliondoka Dar ikaelekea magharibi mpaka Lobito, Angola? Ilipita Tanzania, Zambia, Kongo na Angola, ikatoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Safari ya bahari kwa bahari, na haikugusa maji ya chumvi popote katikati.

Reli iliyo chini yake

Je, wajua treni hiyo ya mamilioni inapita juu ya reli ile ile anayosafiria mama mwenye gunia la mchele wa Mlimba? Reli ya TAZARA, Dar hadi Kapiri Mposhi, ina kilomita 1,860: sisi tunazo 975, Zambia 885. Mataruma hayamjui tajiri wala maskini.

Je, wajua iligharimu mkopo wa yuani milioni 988 kutoka China, tena bila riba hata senti? Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970 na reli ikakamilika kutandikwa Juni 1975, kabla ya muda uliopangwa. Nani leo anamaliza hata nyumba kabla ya muda?

Je, wajua kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa ndicho kigumu kuliko vyote? Ni kilomita 157 tu, lakini kina madaraja 46 na mahandaki 18. Ukipita hapo usihesabu: giza, mwanga, giza, mwanga, utachoka wewe kabla ya treni.

Unaanzia usawa wa bahari hapa Dar, na ukifika Uyole, Mbeya, uko mita 1,789 juu. Umepanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda angani ukiwa umekaa kitini. Hata jasho hujatoka!

Je, wajua Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina, wengi wao waliokufa wakijenga reli hii? Wamelala hapo zaidi ya 60. Rais Xi Jinping mwenyewe alikuja kuweka shada la maua Machi 2013.

Hii ndiyo ninayoipenda. Je, wajua Dar es Salaam ina reli za upana wa aina tatu? Reli ya Kati ina milimita 1,000, TAZARA 1,067, na SGR 1,435. Jiji moja, njia tatu, na behewa la moja haliwezi kuingia kwa mwenzake!

Ndiyo maana treni ya Cape Town inafika Temeke lakini haiwezi kuendelea Kigoma. Upana wa TAZARA ni sawa na wa reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, ila unazidi wa Reli ya Kati kwa milimita 67. Pima kwenye rula: ni chini ya sentimita saba, na zinakata safari ya bara zima.

Je, wajua Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua na kuiendesha TAZARA kwa miaka 30? Thamani yake ni dola bilioni 1.4. Reli ya wazee wetu inarudishiwa nguvu, jirani.

Chungulia dirishani

Je, wajua TAZARA inapita katika eneo la wanyama la Selous, na unaweza kuona twiga na tembo ukiwa na kikombe cha chai mkononi? Sehemu ya Selous iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Rwanda nzima haifikishi 27,000!

Kaa upande wa milima ukifika Mang'ula. Kwenye misitu hiyo ya Udzungwa yuko mangabe wa Sanje, aina ya nyani ambayo wanasayansi hawakuijua mpaka mwaka 1979. Treni za abiria zilikuwa zimeshapita chini ya mlima wake kwa miaka mitatu, na mwenyewe ametulia mtini anazitazama.

Sasa hesabu ya kichwa. Treni iondoke Tunduma saa 6:00 mchana, itumie nusu saa kuvuka mpaka, itafika Nakonde saa ngapi? Saa 5:30 asubuhi! Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo unafika kabla hujaondoka.

Je, wajua mto Chambeshi, unaouvuka kaskazini mwa Zambia, ndicho chanzo cha mbali kabisa cha Mto Kongo? Maji unayoyaona chini ya daraja yataishia Atlantiki, upande wa pili wa bara. Nawe umetoka Bahari ya Hindi juzi tu.

Na huko huko Chambeshi ndiko Jenerali Lettow-Vorbeck wa jeshi la Wajerumani alikoletewa habari kwamba Vita Kuu ya Kwanza imekwisha, tarehe 14 Novemba 1918. Ulaya walikuwa wameweka silaha chini siku tatu nyuma. Vita imeisha, huku watu bado wanawindana!

Je, wajua Kapiri Mposhi kuna stesheni mbili zisizoungana kwa abiria wa kawaida? Unashuka ya TAZARA, unabeba mizigo yako kama kilomita mbili hadi ya reli ya Zambia. Wa treni ya kifahari yeye hata kijiko hakiangushi mezani, mabehewa yake yanavutwa moja kwa moja.

Je, wajua daraja la reli la Maporomoko ya Victoria lilitengenezwa Uingereza, likaletwa kwa meli vipande vipande, kisha likaunganishwa juu ya korongo? Liko mita 128 juu ya mto Zambezi. Lilifunguliwa mwaka 1905 na Profesa George Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin unayemsikia shuleni.

Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza aliyetaka reli hadi Cairo, aliagiza lijengwe karibu kabisa, ili manyunyu ya maporomoko yaloweshe treni. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1902 bila kuyaona maporomoko wala daraja. Reli yake ya Cape hadi Cairo nayo haijakamilika mpaka leo!

Je, wajua hoteli ya Victoria Falls ilifunguliwa mwaka 1904, daraja lenyewe halijaisha? Wageni walitanguliziwa kitanda kabla ya njia.

Ukiingia upande wa Hwange, Zimbabwe, tafuta kona uone kama utaipata. Reli imenyooka kilomita 114 mfululizo. Australia wanatushinda, wao wana kipande cha kilomita 478 bila kona hata moja!

Na Kimberley, Afrika Kusini, je? Kuna shimo lenye upana wa mita 463 ambalo watu walianza kulichimba mwaka 1871 kwa sururu na koleo, wakitafuta almasi. Walipoacha mwaka 1914 walikuwa wameshatoa almasi za kilo 2,720. Kilo, siyo gramu!

Kabla hujafunga begi

Unadhani siku 15 ni nyingi? Moscow hadi Vladivostok ni kilomita 9,289 ndani ya nchi moja, na treni ya kawaida inazimaliza kwa wiki moja hivi. Hii yetu inakwenda pungufu ya hapo kwa muda mara mbili. Nimeshakwambia, hawa wanalipia kuchelewa.

Je, wajua unaweza kuonja kipande cha safari hii bila dola 12,000? Treni ya abiria ya TAZARA ina vyumba vya daraja la kwanza vya vitanda vinne na vya daraja la pili vya vitanda sita. Wanaume na wanawake hulala mbalimbali, ila mkikata chumba kizima ni chenu. Ulizia ratiba kwanza stesheni, usiende na begi kichwani.

Na kama roho yako iko magharibi, nenda Kigoma kwa Reli ya Kati uione MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000 na kuletwa kupitia Dar. Ilizamishwa ziwani mwaka 1916, ikaja kuibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927!

Je, wajua ukivuka nchi hizo tano utagusa fedha za aina tano? Shilingi, kwacha, ZiG ya Zimbabwe iliyoanza Aprili 2024, pula na randi. Weka pochi yenye mifuko.

Beba sweta, tena zito. Julai, wakati sisi Chamazi tunaita baridi ile ya kujifunika khanga moja, usiku wa Kimberley hushuka hadi nyuzi 3, na mara nyingine chini ya sifuri. Usiseme hukuambiwa.

Ya mwisho, na ndiyo tamu. Mmarekani aliyelipia Pride of Africa analipa dola 100 nyingine kwa ajili ya viza ya kuingia Tanzania. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania unaingia Zambia, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini bila viza hata moja! Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Haya, jirani, ya kwako iko wapi?