Mgonjwa wa Nimonia Haongezewi Kinga

"Dokta, nimpe nini ili kinga yake ipande?" Swali hili nimechoka nalo. Huulizwa mlangoni mwa wodi, na muulizaji ameshika chupa: tangawizi, limau, kitunguu saumu, au artemisia, iliyovuma tangu Andry Rajoelina, Rais wa Madagascar wakati huo, aipigie debe Aprili 2020 kuwa tiba ya Covid.

Ipande kinga ipi? Chembe nyeupe za damu ziko za aina nyingi, na virusi vikishuka mapafuni hazipandi wala kushuka pamoja. Soma karatasi ya NFS, yaani hesabu ya chembe za damu, ya mgonjwa wa Covid aliyezidiwa. Limfosaiti, zile zinazovitambua virusi na kuua seli vilizoziingia, kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama 1,000 hadi 4,000 kwa mikrolita ya damu. Kwake zimeanguka chini ya 1,000, pengine hata 500: nyingine zimehamia mapafuni, nyingine zimekufa. Nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, nazo zimefurika, na kemikali zinazomwaga zinaunguza kuta za vifuko vya hewa mpaka vinajaa majimaji. Tatizo ni kinga iliyopoteza mizani, na hakuna chupa inayojua kupandisha hizi na kuzituliza zile.

Tena dawa iliyookoa watu hutuliza kinga. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Kwa hiyo msiikimbilie famasi! Ni vidonge vilevile ambavyo wengine humeza ili wanenepe, huku wakidhoofisha kinga yao kabla hawajaugua.

Kwa wachimbaji wa madini wa Kasulo, huko Kolwezi, Kongo, kuna zaidi: vumbi la mwamba lenye silika huua makrofeji, chembe zinazosafisha mapafu, na kifua kikuu hupata upenyo. Wala kunywa maziwa hakulisafishi vumbi hilo. Maziwa yanaenda tumboni, hayafiki mapafuni.

La kufanya? Hesabuni pumzi: mtu mzima akifikisha 30 kwa dakika, au oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 90, hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Antibiotiki haziui virusi. Watoto wapewe chanjo ya surua na ya pneumokoki, na msiwafukize kwa maji ya moto, wanaungua. Mchimbaji anayekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu na VIH (virusi vya Ukimwi).