Asilimia 39 si D, lakini nani atamwambia mama?

Kwenye ploti yetu hapa Kaloleni, Kisumu, mimi ndiye "msomi". Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini karatasi yoyote yenye maneno magumu bado huishia mlangoni kwangu. Juzi ilikuwa zamu ya jirani yangu, mama wa mtoto wa miezi saba. Chanjo ya kwanza ya malaria mtoto alidungwa akiwa na miezi sita. Ya pili mama alikuwa hataki.

Kisa? Alienda mkutano wa akina mama, mtaalamu akasimama, akasema chanjo ina ufanisi wa asilimia 39, akaketi.

"Hiyo si ni D?" akaniuliza. "Nimpeleke mtoto adungwe kitu kimefeli?"

Nilicheka, halafu nikaacha. Shuleni sote tulifunzwa kwamba 39 ni ya kwenda kuita mzazi. Yule mtaalamu ndiye alisahau kwamba anaongea na watu waliofanya mitihani.

Ukweli ni huu. Kati ya 2009 na 2014 chanjo hiyo, RTS,S, ilifanyiwa utafiti mkubwa katika nchi saba za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo Kilifi, Siaya na Kombewa hapa karibu. Kwa watoto waliopata dozi zote nne wakianza wakiwa na miezi mitano au zaidi, katika kila visa kumi vya malaria karibu vinne vilizuiwa katika muda wa miaka minne hivi.

Nikamuuliza jirani: kifungua mimba wako aliugua malaria mara ngapi akiwa mdogo? Akahesabu kwa vidole, mara tano. "Sasa toa mbili," nikamwambia. Hesabu haifanyi kazi hivyo kwa kila mtoto, najua, wataalamu msinirukie. Lakini alinyamaza, maana mara mbili ni safari mbili za boda usiku ukiwa umebeba mtoto anayechemka. Nikamwambia pia kile mtaalamu hakumwambia: neti bado, na homa ikija bado unampima.

Halafu kuna hili neno "majaribio". Chanjo ilipozinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilikuwa ya tatu baada ya Malawi na Ghana katika mpango wa WHO. Dawa yenyewe ilikuwa imeshapita utafiti. Kilichobaki ni kuona kliniki za kawaida zitaweza kutoa dozi nne bila kupoteza watoto njiani, na kuendelea kufuatilia usalama wake na kiasi inavyopunguza vifo katika matumizi ya kila siku. Lakini habari nyingi za Kiswahili ziliuita mpango huo majaribio, na mama akisikia majaribio anawaza panya. Si mngesema tu "tunaanza na huku kwanza"? Oktoba 2021 WHO ikaipendekeza itumike kwa mapana, ila neno lilikuwa limeshakaa vichwani.

Na hofu haikuanza na chanjo. Mwaka 2005 mtafiti Wenzel Geissler aliandika kuhusu kijiji cha magharibi mwa Kenya ambako kazi ya utafiti wa kitabibu ilizua uvumi wa kachinja, wezi wa damu. Ni rahisi kusema huo ni ushamba. Lakini mtu akija na gari kubwa, achukue damu, aende zake na majibu usiyaone, wewe ungemwitaje?

Kituo cha KEMRI kiko Kisian, nje kidogo ya mji ukishika barabara ya Busia. Sayansi tunayo mlangoni. Wanaoivusha hadi kwa ploti mara nyingi ni nyamrerwa, wale wahudumu wa afya wa mtaa wanaojua nani amezaa na nani hana neti. Ombi langu kwa madaktari ni dogo: kabla ya mkutano, msomee nyamrerwa mmoja hotuba yako. Pale atakapokunja uso, andika upya.

Jirani alienda kliniki Jumatatu, mtoto akadungwa. Jioni akabisha kwangu. Nesi amemwambia joto likizidi arudi, lakini lizidi kiasi gani? Nikasema hilo ampigie nesi amuulize.

Akanitazama juu hadi chini. "Na wewe ndiye msomi?"