Mwakilishi Wadi Hagawi Pesa

Mwakilishi wadi akionekana sokoni Voi, haulizwi ametunga sheria gani. Anaulizwa barabara ya mtaa, dawa za zahanati, na ndovu walioingia shambani usiku. Mawili ya kwanza ni kazi ya kaunti, na hata hayo hana sanduku la pesa la kuyatekelezea: anayeyatekeleza ni gavana na mawaziri wake. Ndovu ni wa serikali kuu. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010.

Wengine humtukana kwa kukosa mchango wa matanga, kana kwamba wadi ishirini za kaunti hii ya Taita Taveta zilichagua wafadhili ishirini. Na wapo wanaonong'ona kwamba kiti hulindwa na mganga. Upuuzi. Gavana amewekewa mwisho wa vipindi viwili, mwakilishi wadi hakuwekewa. Anayemrudisha nyumbani ni mpiga kura, na hilo halihitaji hirizi.

Nilipanga kueleza kazi zake kwa zamu: kutunga sheria, kuikagua serikali ya kaunti, kupitisha bajeti. Lakini bajeti yataka tuanze nayo, kwa sababu ya mwaka 2019. Bunge la Kaunti, linalokaa Wundanyi, lilitaka fedha zaidi za maendeleo ya wadi. Gavana Granton Samboja akakataa kuitia bajeti sahihi, kisha akaanza kukusanya sahihi za wananchi ili kaunti ivunjwe. Mitaani ikadhaniwa wawakilishi ndio watakaofukuzwa, gavana abaki na funguo.

Hivyo sivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti yataka sahihi za asilimia kumi ya wapiga kura waliosajiliwa, na hizo hufungua mlango tu. Chini ya kifungu cha 192 cha Katiba, tume huru ichunguze, Rais aridhike, Seneti iidhinishe. Serikali ya kaunti husimamishwa kwa siku zisizozidi 90, kisha uchaguzi. Na serikali ya kaunti ni bunge pamoja na gavana. Samboja alikuwa akiomba kiti chake mwenyewe kiwekwe mezani!

Kaunti haikuvunjwa. Oktoba mwaka huohuo wawakilishi wakapiga kura kumwondoa. Kamati maalumu ya Seneti ikaona mashtaka hayakuthibitika, akabaki. Aliyemtoa ni Andrew Mwadime, mgombea huru, katika uchaguzi wa Agosti 2022, siku ambayo wawakilishi nao walikuwa wakiomba kura.