Uvira: Safari ya siku mbili, begi la kilo tano

Ijumaa mchana kwenye mpaka wa Kavimvira, mwenye begi dogo mgongoni huvuka kabla ya mwenye valizi. Mkazi wa Uvira hahitaji kuelezwa sababu. Mwenye valizi huitwa pembeni, huombwa afungue, nguo zinatolewa moja moja, na kila kilichokunjwa vizuri nyumbani kinakunjwa tena kando ya barabara, mbele ya macho ya watu. Akimaliza, taksi ya upande wa Gatumba imekwisha kujaa na kuondoka.

Bujumbura ni karibu kilomita 30 tu kutoka Uvira. Watu huenda huko Ijumaa na kurudi Jumapili kwa ajili ya arusi, kilio, mahari, mgonjwa aliyelazwa, au kumsalimia shangazi ambaye hawajamuona tangu mwaka jana. Wengine hushuka kusini, kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, safari isiyofika kilomita 100 lakini ambayo wakati wa mvua inaweza kumaliza siku nzima kwa sababu ya mito na matope. Upande wa Bukavu, kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola, safari hutegemea kwanza hali ya usalama, halafu ndipo mtu afikirie begi.

Popote anakokwenda, hesabu ya mzigo ni hesabu ya pesa. Motari huangalia begi kabla ya kutaja bei. Kwenye gari dogo, valizi inayochukua nafasi ya miguu ya mtu hulipiwa kama nusu ya mtu. Na penye kizuizi, mzigo mkubwa huzaa maswali mengi, na maswali mengi huzaa faranga. Begi linalobaki magotini mwa mwenyewe halina bei.

Jambo la kwanza la kupunguza ni nguo, na hapa ziwa lenyewe linasaidia. Uvira na Bujumbura zote ziko ukingoni mwa Tanganyika, chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, joto lake ni moja. Nguo ya kusafiria, nguo moja ya kubadili na ile ya sherehe zinatosha. Shati lililofuliwa Jumamosi asubuhi limekauka kabla ya saa nane, isipokuwa mvua ikinyesha. Anayepanda Bukavu ndiye anayehitaji koti, maana mji ule uko kwenye mita 1,500 hivi na usiku wake si wa Uvira. Anayekwenda milima ya juu, Bijombo au Minembwe, aongeze soksi na asione haya.

Wamama wa pwani hii walimaliza tatizo hili zamani kwa kikwembe. Kipande kimoja hufungwa kiunoni safarini, hutandikwa usiku, hufunika mtoto mgongoni, hukausha mwili baada ya kuoga ziwani, na siku ya kurudi hufunga zawadi. Hakuna valizi ya dukani iliyowahi kufanya kazi tano. Wanaume wanaocheka vikwembe ndio hao hao wanaoomba cha kujifunika saa nane za usiku, mbu wanapoanza.

Lakini kuna vitu ambavyo si vya kuazima. Taulo na shuka ni vya mwenyewe. Kivu ya Kusini ndiyo jimbo ambako aina mpya ya mpox ilitambuliwa, huko Kamituga, mwaka 2023, kabla ya kuvuka mipaka na kuifikisha OMS kutangaza dharura ya kimataifa Agosti 2024. Ugonjwa ule hupita pia kwenye mashuka na mataulo. Tena kipindupindu hakijawahi kuhama kabisa Uvira, kwa hiyo chupa ya maji safi, sabuni na pakiti mbili za chumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini vina haki ya kuingia begini kuliko jozi ya pili ya viatu. Ongeza tochi ndogo, maana umeme hauna ratiba upande wowote wa mpaka.

Karatasi hazina uzito, na bado ndizo husahauliwa. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi bado ndiyo kitambulisho, karatasi ya kuvukia, kitabu cha chanjo ya homa ya manjano, na idhini ya wazazi kwa anayesafiri na mtoto asiye wake. Viwekwe mahali pamoja, ndani ya plastiki ngumu isiyoingiza maji, na si chini ya nguo. Dola nazo zikunjwe kwa heshima: noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa sokoni Uvira kama bandia. Sacheti nyeusi ziachwe nyumbani. Rwanda ilizipiga marufuku tangu 2008, na Burundi ilitia sahihi amri yake mwaka 2018.

Adui mkubwa wa begi dogo hata hivyo si nguo. Ni adabu. Huku hakuna anayefika kwa ndugu mikono mitupu. Wenye akili hubeba ndagala kavu, ambazo ni nyepesi na hupendwa hata na walio mbali na ziwa. Hasara yake ni harufu: fungu moja lisilofungwa vizuri, na suti ya arusi inaingia kanisani ikinuka soko. Halafu kuna maombi ya simu. Tangu mafuta ya gari yaadimike Burundi, kuna ndugu wanaoomba waletewe bidoni ndogo tu kutoka Uvira. Bidoni ya petroli ndani ya gari lililojaa watu ni hatari kwa kila aliyemo, na forodhani ni kesi. Hiyo ni zawadi ya kukataa, hata kama mwombaji ni shemeji.

Kwenye boti, uzito unaacha kuwa suala la starehe. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na Tanganyika hubadilika sura ndani ya saa moja. Desemba 2014 meli iliyoitwa Mutambala ilipinduka upande wa Katanga, watu zaidi ya 100 wakafa, na viongozi walitaja upepo pamoja na mzigo uliopita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama watu wa Goma wakiitazama, karibu kabisa na bandari ya Kituku. Kila abiria huona kwamba gunia lake moja si kitu, na boti hujazwa na magunia ya namna hiyo. Mizigo iliyorundikwa ndiyo pia inayowazuia waliokaa katikati wasitoke. Kwa anayepanda boti kwenda Baraka, jile la kuokolea ndilo mzigo wa kwanza, na kama boti haina, kuna maana kubeba lake hata likijaza nusu ya begi.

Lipo pia jambo ambalo wakazi wa Uvira wamelijua kwa maumivu. Siku mbili si lazima zibaki siku mbili. Wakati wa korona mpaka na Burundi ulifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, kuna waliotoka ndani na nguo za mwilini tu. Na Desemba 2025, waasi wa AFC/M23 walipoingia mjini, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi ndani ya siku chache, wengi wakibeba kilichotosha mkono mmoja. Waliofikishwa kambi ya Busuma, mbali na ziwa, hawakuwa wamefunga mizigo ya kukaa miezi.

Ndiyo maana katika familia nyingi begi la wikendi sasa lina mfuko wa pembeni usioguswa: nakala za diplomu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, dawa za presha za mzee za wiki mbili badala ya siku mbili, namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha moto. Vyote hivyo havifiki nusu kilo.

Jumapili jioni, foleni ya Kavimvira hugeuka upande wa pili. Begi lililokwenda na kilo tano hurudi na nane: machungwa, sabuni, kitenge cha bibi, na sufuria ambayo hakuna aliyeiomba.